Modeli Kubwa za Lugha na Fumbo la Mtoto Anayejifunza Kusema

Kwa zaidi ya miaka 60, hoja moja imekuwa nzito kuliko nyingine zote katika mjadala kuhusu namna binadamu anavyoipata lugha, nayo ni kwamba maneno anayoyasikia mtoto ni machache mno, yana kasoro nyingi mno, na hayatoshi kumfundisha sarufi ambayo mtoto huyohuyo huimudu kabla hata hajaanza shule. Hoja hiyo, inayohusishwa zaidi na mwanaisimu Noam Chomsky wa Marekani, ilielekea kwenye hitimisho kwamba sehemu kubwa ya sarufi haitoki nje ya mtoto, bali imo tayari katika maumbile ya ubongo wake, ikingoja kuamshwa tu. Wanaisimu wanaiita hoja ya uhaba wa vichocheo, na kwao vichocheo ni maneno na sentensi zote zinazomfikia mtoto kutoka kwa mama, baba, bibi, ndugu na majirani. Katika miaka ya karibuni hoja hiyo imepata mpinzani asiyewahi kuandika tasnifu wala kuhudhuria kongamano: modeli kubwa za lugha, yaani programu za kompyuta za aina ya ChatGPT, ambazo zimepata sarufi safi ya lugha nyingi bila ya kuwekewa kanuni hata moja ya sarufi.

Hoja ya Chomsky ilikua katika ugomvi wa kitaaluma. Mwaka 1957 mwanasaikolojia B. F. Skinner wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha kitabu kilichoieleza lugha kuwa ni mazoea yanayojengwa kwa kichocheo, itikio na tuzo, kama panya wa maabara anavyozoea kubonyeza wenzo ili apate chakula. Miaka miwili baadaye Chomsky aliandika katika jarida la Language uhakiki mkali uliosomwa na watu wengi, pengine kuliko kitabu chenyewe, akionyesha kwamba istilahi hizo, ambazo ndani ya maabara zina maana kamili, hubaki tupu zikihamishiwa kwenye mazungumzo ya watu, kwa kuwa kila siku mtu husema na kuelewa sentensi ambazo hajapata kuzisikia maishani. Uhakiki huo ulisaidia kuipa nguvu taaluma iliyokuwa inachipuka wakati huo, sayansi ya utambuzi, inayowakutanisha wanasaikolojia, wanaisimu, wanafalsafa, wataalamu wa kompyuta na wa ubongo katika kuchunguza akili. Na kwa miongo kadhaa baadaye, mtu aliyedai kwamba lugha inaweza kupatikana kwa kufuatilia tu ni neno gani hufuata neno gani alionekana kuwa amepitwa na wakati.

Wapo waliokataa kunyamaza. Mwaka 1986 David Rumelhart na James McClelland walitengeneza mtandao wa neva bandia, yaani programu yenye vizio vingi vidogo vilivyounganishwa kwa namba zinazoongezeka au kupungua kadiri programu inavyosahihishwa, wakaufundisha maumbo ya wakati uliopita ya vitenzi vya Kiingereza. Miaka miwili baadaye Steven Pinker na Alan Prince waliichambua kazi hiyo bila huruma, na wengi wakaona mambo yamekwisha. Lakini jaribio ambalo leo linastahili kukumbukwa zaidi ni la Jeffrey Elman wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, aliyeufundisha mtandao mdogo kazi moja tu: kupewa neno na kubahatisha neno litakalofuata. Ulimwengu wa mtandao huo ulikuwa na maneno 29 tu, yaliyopangwa katika sentensi fupi za maneno mawili au matatu. Mwaka 1990 Elman alieleza alichokikuta alipochungulia namba za ndani ya mtandao baada ya mafunzo: nomino zilikuwa zimejitenga na vitenzi, na ndani ya kundi la nomino, vyenye uhai vilikuwa vimejitenga na visivyo na uhai. Hakuna aliyeuambia mtandao kwamba kuna kitu kinachoitwa nomino, sembuse uhai.

Modeli kubwa za leo ni wajukuu wa jaribio hilo. Kazi yake ni ileile ya kukisia kinachofuata, ila badala ya maneno mazima hutumia vipande vya maneno viitwavyo tokeni, na badala ya mtandao wa Elman hutumia muundo uitwao transfoma, uliotangazwa mwaka 2017 na watafiti wengi wao wakiwa wa kampuni ya Google, ambao huiwezesha programu, kila inapokisia, kupima uhusiano wa kipande kimoja na vipande vyote vilivyotangulia, hata vile vilivyo mbali. GPT-3, iliyotangazwa mwaka 2020, ilikuwa na namba za ndani zipatazo bilioni 175, na ilisomeshwa tokeni zipatazo bilioni 300 kutoka kwenye intaneti na vitabu. Kila ilipokosea kukisia, namba hizo zilisogezwa kidogo, na kusogezwa huko kulirudiwa mara nyingi mno. Humo ndimo sarufi ilimotoka, kwa kuwa anayetaka kukisia vizuri neno linalofuata hulazimika, apende asipende, kujua muundo wa sentensi aliyomo.

Ulazima huo unaonekana vizuri zaidi katika Kiswahili kuliko katika Kiingereza ambacho watafiti wengi hukitumia. Katika sentensi "Kitabu ambacho walimu waliofika jana walikisahau mezani kimepatikana," kitenzi cha mwisho kinapatana na nomino iliyo mwanzoni kabisa, ingawa kati yao limeingia kundi la walimu lenye upatanisho wake, siku ya jana na meza. Mjifunzaji anayefuata nomino iliyo karibu, au ile iliyotajwa mara nyingi kwa viambishi, angesema "wamepatikana," na kuwaacha wasikilizaji wakijiuliza walimu walipotelea wapi. Ili aseme "kimepatikana" ni lazima atambue kwamba kishazi chote cha walimu kimefungwa ndani ya kirai cha kitabu, na kwamba kinapofungwa, mwendo wa sentensi hurudi pale ulipokatizwa. Kanuni hii ya kufuata muundo badala ya kufuata ukaribu ndiyo Chomsky na wafuasi wake waliyoitaja mara kwa mara kuwa haiwezi kupatikana kwa kusikiliza tu.

Mwaka 2016 Tal Linzen, Emmanuel Dupoux na Yoav Goldberg walijaribu jambo hili kwa upatanisho wa umoja na wingi katika Kiingereza, wakakuta kwamba mitandao ya wakati ule iliweza kuufuata upatanisho kwa kiwango kikubwa, japo makosa yaliongezeka kadiri nomino za kupotosha zilivyozidi kujipenyeza kati ya kiima na kitenzi. Makosa hayo yanawahusu wanasaikolojia moja kwa moja, kwa sababu binadamu pia huyafanya: tangu mwaka 1991, Kathryn Bock na Carol Miller walikwisha kuonyesha kwamba mzungumzaji anayeanza sentensi kwa kitu kimoja na kukifuatisha na vitu vingi huteleza mara kwa mara na kukiweka kitenzi katika wingi, kama ambavyo mtu mwenye haraka, baada ya kutaja "ufunguo wa makabati ya walimu," anaweza kujikuta anasema "yamepotea." Mwaka 2018 Kristina Gulordava na wenzake waliendelea zaidi, wakaijaribu mitandao kwa sentensi zenye sarufi sahihi lakini zisizo na maana yoyote, katika Kiitaliano, Kiingereza, Kiebrania na Kirusi, ili kuhakikisha kwamba haibebwi na mazoea ya maneno yanayopenda kuandamana. Mitandao ilifaulu vizuri, ingawa iliyumba kidogo maana ilipoondolewa.

Basi limeporomoka jambo gani hasa? Limeporomoka neno "haiwezekani." Madai kwamba sarufi inayofuata muundo haiwezi kupatikana kutokana na matini peke yake, bila ya kanuni za kuzaliwa nazo, hayawezi tena kutolewa kwa namna yalivyokuwa yakitolewa, na mwanasaikolojia Steven Piantadosi alikwenda mbali zaidi mwaka 2023 alipoandika kwamba modeli hizi zimeukanusha mtazamo mzima wa Chomsky kuhusu lugha. Chomsky naye, pamoja na Ian Roberts na Jeffrey Watumull, aliandika katika gazeti la New York Times mwezi Machi mwaka huohuo kwamba programu hizi zinatofautiana kabisa na namna binadamu anavyofikiri na kuitumia lugha. Pande zote mbili zimevuka ushahidi uliopo. Kuonyesha kwamba mashine fulani inaweza kufika mahali kwa njia fulani ni kuthibitisha kuwa njia hiyo ipo. Hakuthibitishi kwamba mtoto hupita humohumo, na hakumpi mtu yeyote ruhusa ya kuacha kumchunguza mtoto.

Kikwazo cha kwanza ni kiasi. Kwa makadirio ambayo watafiti wengi huyatumia, mtoto hufikia umri wa miaka 13 akiwa amesikia maneno yasiyozidi milioni 100, na watoto wengi husikia machache zaidi ya hapo. GPT-3 ilisomeshwa matini maelfu ya mara zaidi ya hayo, na zilizofuata zimesomeshwa mengi kuliko GPT-3. Ikiwa mashine inahitaji matini yanayopita kila kitu ambacho ukoo mzima ungeweza kukisikia kwa vizazi kadhaa, basi mtetezi wa Chomsky ana haki ya kusema kwamba uhaba wa vichocheo uko palepale, na kwamba kilichofanyika ni kuuzamisha uhaba huo ndani ya bahari ya matini.

Ni kwa sababu hiyo kundi la watafiti lilianzisha mwaka 2023 mashindano yaitwayo BabyLM, ambamo kila mshindani hupewa matini ya maneno milioni 10 au milioni 100 tu, sehemu yake ikiwa ni maneno ambayo watu wazima huwaambia watoto, na kutakiwa kutengeneza modeli bora iwezekanavyo. Modeli hupimwa kwa jozi za sentensi zinazotofautiana kidogo sana, moja sahihi na nyingine yenye kosa, ili ionekane ni ipi modeli inaiona kuwa na uwezekano mkubwa wa kutamkwa. Mkusanyo unaotumika sana, BLiMP, una mafungu 67 yenye jozi 1,000 kila moja, yote ya Kiingereza. Katika mashindano ya kwanza, modeli iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo ilishika nafasi ya juu na kuzishinda kwa baadhi ya vipimo modeli zilizosomeshwa matini mengi kupita kiasi. Jambo jingine lililojitokeza linawagusa walimu: waliojaribu kupanga masomo kuanzia sentensi nyepesi kwenda nzito, wakiamini kwamba ndivyo watoto wanavyofundishwa, kwa jumla hawakufanikiwa. Hata hivyo modeli hizo hupitishwa katika matini yaleyale kwa kurudiarudia, tena na tena, jambo ambalo hakuna mtoto anayefanyiwa, na hivyo hata hesabu ya maneno milioni 10 ina ujanja ndani yake.

Mtoto, kwa upande wake, ana vitu ambavyo mashine haina. Majaribio ya Jenny Saffran, Richard Aslin na Elissa Newport ya mwaka 1996 yalionyesha kwamba watoto wa miezi minane, baada ya kusikiliza kwa dakika mbili mfululizo wa silabi zisizo na maana wala kituo, hutambua ni silabi zipi huandamana na zipi hukutana kwa bahati. Kwa hiyo kuhesabu mfuatano, jambo ambalo wafuasi wa Chomsky walilidharau, ni kipaji ambacho mtoto anacho tangu hajaweza kutembea. Lakini mtoto pia anaona, anashika, anaonja, anaonyesha kwa kidole na kumtazama mama usoni ili ajue anazungumzia nini. Mwaka 2024 Wai Keen Vong, Brenden Lake na wenzao wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha katika jarida la Science jaribio lililotumia video zilizorekodiwa kwa kamera ndogo iliyofungwa kichwani mwa mtoto mmoja nchini Australia, kuanzia alipokuwa na umri wa miezi 6 hadi 25. Video hizo zilikuwa za saa 61 tu, takriban asilimia moja ya muda ambao mtoto huyo alikuwa macho katika kipindi hicho. Mtandao uliosomeshwa picha na maneno ya watu wazima yaliyosikika katika video hizo uliweza, ulipopewa neno na picha nne, kuchagua picha inayolingana na neno zaidi ya mara sita katika kila kumi, ilhali kubahatisha kungetoa robo tu. Hapo hakuna sarufi ya kutajika. Kilichojifunzwa ni baadhi ya majina ya vitu. Ila ni mara chache sana mashine imepewa mtaala unaofanana hivi na alioupata mtoto halisi.

Lipo dai moja la Chomsky linaloweza kupimwa waziwazi, nalo ni kwamba modeli hizi zinajifunza kwa urahisi uleule lugha ambazo binadamu anaweza kuzisema na zile ambazo hawezi, na kwamba kwa sababu hiyo haziwezi kueleza kwa nini lugha za binadamu zina sura zilizo nazo. Lugha isiyowezekana, kwa maana hii, ni kama ile ambayo kukanusha hufanywa kwa kuweka kiambishi baada ya neno la nne la sentensi yoyote ile, bila ya kujali neno hilo ni kitenzi, jina au kiunganishi. Mariacristina Musso, Andrea Moro na wenzao walikwisha kuonyesha mwaka 2003, kwa kupiga picha za ubongo unaofanya kazi, kwamba watu waliofundishwa kanuni halisi za lugha ngeni walizidi kulitumia eneo la Broca, ambalo ni mojawapo ya maeneo makuu ya lugha, kadiri walivyozimudu, ilhali kanuni za kubuni za kuhesabu maneno hazikuwa na athari hiyo. Mwaka 2024 Julie Kallini na wenzake waliisomesha modeli ya aina ya GPT-2 matini ya Kiingereza yaliyopinduliwa kwa kanuni za namna hiyo, na modeli ikajifunza kwa shida zaidi kuliko ilivyojifunza Kiingereza cha kawaida. Si jibu la mwisho, kwa kuwa Kiingereza kilichovurugwa si mfano wa kila lugha isiyowezekana; lakini ni mara ya nadra ambapo maneno ya mwanafalsafa wa lugha yamepelekwa maabara na kurudi na namba.

Upande wa ubongo umefaidika kwa namna nyingine. Tangu mwaka 1861, daktari Paul Broca wa Paris alipouchunguza ubongo wa marehemu ambaye katika maisha yake ya hospitalini aliweza kutamka takriban silabi moja tu, imejulikana kwamba lugha ina makao yake katika ubongo. Kilichochukua muda ni kutambua kwamba makao hayo si ya fikra zote. Mwaka 2005 Rosemary Varley na wenzake waliripoti habari za wanaume watatu ambao maradhi ya ubongo yalikuwa yamewanyang'anya sarufi, kiasi kwamba hawakuweza kutofautisha sentensi ya mtu kumuua simba na ya simba kumuua mtu, lakini waliendelea kufanya hesabu za kutoa zinazotegemea mpangilio uleule wa kipi kinatangulia kipi. Evelina Fedorenko wa taasisi ya MIT ametumia miaka mingi kuonyesha kwa watu wazima wenye afya kwamba mtandao wa lugha ubongoni hunyamaa, au hufanya kazi kidogo sana, mtu anapofanya hesabu au kutatua fumbo lisilo na maneno. Kwa msingi huo Kyle Mahowald, Anna Ivanova, Fedorenko na wenzao wamependekeza kwamba umahiri wa lugha ugawanywe sehemu mbili: umahiri wa kanuni, ambao ni kujua sentensi ipi imesimama vizuri, na umahiri wa matumizi, ambao ni kuitumia lugha kufikiri, kukumbuka, kupanga na kuelewa nia za watu. Modeli kubwa zimeupata ule wa kwanza kwa kiwango cha kushangaza, huku wa pili ukibaki na mashimo yasiyotabirika. Mgawanyo huu una thamani kubwa kuliko ubishi wa kama mashine "inaelewa" au "haielewi," kwa sababu unaonyesha ni kwa nini watu wenye akili timamu hudanganyika: binadamu hajawahi kukutana na kiumbe chenye ufasaha mkubwa hivyo pasipo akili nyuma yake, na hivyo anaposikia ufasaha hudhani akili imekuja pamoja nao.

Mwaka 2021 Martin Schrimpf, Fedorenko na wenzao walilinganisha modeli 43 na rekodi za ubongo wa watu waliokuwa wakisoma au kusikiliza sentensi, wakakuta kwamba modeli zilizokuwa hodari zaidi katika kukisia neno linalofuata ndizo ambazo namba zake za ndani zilitabiri vizuri zaidi kilichotokea ubongoni. Matokeo hayo yanakwenda sambamba na ugunduzi wa Marta Kutas na Steven Hillyard wa mwaka 1980, kwamba ubongo hutoa wimbi dogo la umeme, takriban sehemu nne za kumi za sekunde baada ya neno, pale neno hilo linapokuwa halitarajiwi. Ubongo, kwa hiyo, nao hukisia. Hata hivyo, wakosoaji wameonya kwamba vitu viwili vinaweza kwenda pamoja kwa sababu vyote vinafuata sura ya lugha, wala si kwa sababu vimejengwa namna moja, na onyo hilo halijapata jibu la kuridhisha.

Pengine somo kubwa kuliko yote halihusu mashine wala ubongo, bali vipimo vyenyewe. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner walibuni jaribio la kumpima mtoto kama anafahamu kwamba mtu mwingine anaweza kuamini jambo lisilo la kweli: mtu anaweka kitu mahali, anaondoka, kitu kinahamishwa, na mtoto anaulizwa mtu huyo atakitafuta wapi akirudi. Michal Kosinski wa Chuo Kikuu cha Stanford aliipa GPT-4 maswali ya namna hiyo, na kuripoti kwamba ilifaulu robo tatu yake, sawa na mtoto wa miaka sita. Tomer Ullman wa Harvard, aliyekuwa ameyasoma madai hayo yalipotangazwa kwa mara ya kwanza kuhusu modeli iliyotangulia, alibadilisha kitu kidogo tu katika hadithi ya mojawapo ya maswali hayo: mfuko wenye bisi ulioandikwa "chokoleti" akaufanya uwe wa plastiki inayoonyesha, ili msichana anayeusoma aone bisi kwa macho yake. Modeli hiyo iliyotangulia ikashikilia kwamba msichana anaamini mna chokoleti. Wakati kipimo kilipotumika kwa watoto peke yao, hapakuwa na haja ya kuuliza kama mpimwaji amesoma maelfu ya maelezo ya kipimo hichohicho. Sasa ipo, na haja hiyo inawalazimisha wanasaikolojia kueleza kwa usahihi zaidi kila jaribio linapima nini, hata kwa watoto.

Kuna pia suala la nani anayechunguzwa. Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walionya mwaka 2010 kwamba saikolojia imejengwa kwa kuwapima watu wa nchi za Magharibi, hasa wanafunzi wa vyuo, na kuwaita "binadamu." Wanaopendekeza leo kwamba modeli zitumike badala ya washiriki katika utafiti wa tabia wanaupanua upungufu huo, kwa sababu matini yaliyozisomesha ni ya Kiingereza kwa sehemu kubwa, na hata vipande vya tokeni vimekatwa kwa kufuata Kiingereza, kiasi kwamba neno moja la Kiswahili kama "walipokisahau" huvunjwa vipande vingi visivyolingana na viambishi vyake.

Hapa ndipo lugha za Kibantu zina mchango ambao Kiingereza hakiwezi kuutoa. Kamil Deen, ambaye kitabu chake kuhusu watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili kilichapishwa mwaka 2005, ameonyesha kwamba watoto wadogo huacha mara nyingi viambishi vya kitenzi, lakini ni mara chache wanapovitumia vibaya. Kiswahili pia kina jambo ambalo lingemfurahisha Elman: ngeli ya nomino huamua upatanisho, isipokuwa pale kitu kinapokuwa na uhai, ambapo uhai huishinda ngeli. Kiti kimeanguka, lakini kiongozi, kiboko au kipofu ameanguka. Na katika "rafiki zangu wawili wamefika," kimilikishi kinafuata ngeli huku idadi na kitenzi vikifuata uhai, ndani ya sentensi ya maneno manne. Mtoto anaujua uhai kwa kuuona ukitembea na kupumua. Modeli ya matini haina macho, na njia pekee iliyo wazi kwake ni ile ya mtandao wa Elman, ya kuukisia uhai kutokana na vitenzi vinavyoandamana na neno.

Mwaka 1958 Jean Berko aliwaonyesha watoto wa Kimarekani picha za viumbe wenye majina ya kubuni ili aone kama wangeyaweka majina hayo katika wingi. Toleo la Kiswahili la jaribio hilo lingeweza kumpa mtoto wa miaka minne neno kama "kizowe," mara moja likiwa jina la chombo na mara nyingine jina la mnyama, na kusikiliza kama atasema kizowe kimeanguka au kizowe ameanguka. Modeli ingepewa neno hilohilo ndani ya sentensi mbili tatu zenye vidokezo. Matini ya kuisomesha modeli kwa kipimo cha mtoto yapo: Mkusanyo wa Helsinki wa Kiswahili, unaotokana na magazeti na vitabu miongoni mwa vyanzo vingine, una maneno yapatayo milioni 25, zaidi ya maradufu ya kiwango cha chini cha BabyLM. Kinachopungua ni rekodi za mazungumzo ya watu wazima na watoto majumbani, Zanzibar, Mombasa, Dodoma, na hata Lubumbashi, ambako upatanisho wa ngeli una sura tofauti na ile ya Kiswahili sanifu, na ambako kwa hiyo mtoto huanza na vichocheo vingine kabisa. Modeli ikifaulu jaribio la kizowe kwa matini hayo machache, itakuwa vigumu kushikilia kwamba uhai lazima uonwe kwa macho ndipo uingie katika sarufi. Ikishindwa pale mtoto anapofaulu, pengo kati yao litapima kwa namba kile ambacho macho na mikono humwongezea mtoto.